Je, ni kweli Kiebrania kinasema hivyo? Kusoma Biblia kwa kusikiliza lugha zake za asili



Katika mafunzo yetu ya Biblia ya siku ya Alhamisi, mama mmoja alinyosha mkono tulipokuwa karibu kufunga kwa maombi. Ni mama aliyekimbia kijiji chake pamoja na watoto wanne, na tangu hapo anauzisha makala kando ya barabara. Alisema hivi: "Baba mchungaji, mimi niko na swali. Muhubiri mumoja alitufundisha Yeremia 29:11. Akasema katika Kiebrania ile neno ni shalom, na shalom maana yake ni feza na mali. Akasema mwenye hatapanda mbegu, ile shalom haitamufikia. Mimi nilitoa feza yote ya makala. Je, ni kweli Kiebrania inasema vile?"

Hakuna aliyemjibu mara moja. Kati yetu walikuwapo wazee wa kanisa, mashemasi, waalimu wa shule ya Jumapili na wachungaji wawili, na wote tulitazama chini. Mtu akisema mimbarani "katika Kiebrania neno hili ni...", ni kama amefunga mlango na kutia ufunguo mfukoni mwake. Nani atambishia? Wengi wetu hatukusoma lugha hizo. Wachache waliozisoma katika fakulte ya teolojia walifanya mtihani, wakapata pointi zao, kisha madaftari yakaliwa na mchwa.

Tulimwomba mama atupe nafasi. Tuliitumia Alhamisi iliyofuata, na nyingine, na nyingine. Haya tunayowaandikia ni matunda ya majuma hayo. Tunayaandika kwa sababu tunajua kwamba swali la mama huyo linaulizwa pia katika makanisa mengine ya upande huu wa mashariki, ila mara nyingi linaulizwa nyumbani, kwa sauti ya chini.

Lugha tatu, na watu wa kawaida

Tuanze na mambo ya msingi. Agano la Kale liliandikwa karibu lote kwa Kiebrania. Sehemu chache ni za Kiaramu: katika Danieli kuanzia 2:4 hadi mwisho wa sura ya 7, sehemu fulani za kitabu cha Ezra, mstari mmoja wa Yeremia (10:11), na maneno mawili tu katika Mwanzo 31:47, pale Labani anapolipa jina lile rundo la mawe. Agano Jipya liliandikwa kwa Kiyunani, na si Kiyunani cha wasomi wa juu. Ni kile kilichotumika sokoni na bandarini, kilichowaunganisha watu wa makabila mengi kama vile Kiswahili kinavyowaunganisha Mnande na Mshi, Mhunde na Mlega. Paulo aliandika kwa lugha ya barabarani. Jambo hilo peke yake linatutia moyo.

Kiebrania huandikwa kutoka kuume kwenda kushoto, kwa herufi 22 ambazo zote ni konsonanti. Alama za irabu ziliongezwa baadaye sana na waandishi wa Kiyahudi waitwao Wamasoreti, ili namna ya kusoma isipotee. Nakala kamili ya zamani kuliko zote tuliyo nayo ya Agano la Kale la Kiebrania lenye alama hizo ni ya mwaka 1008. Lakini mwaka 1947 na miaka iliyofuata, katika mapango ya Kumrani karibu na Bahari ya Chumvi, yalipatikana magombo yaliyoizidi umri kwa miaka elfu moja hivi, na ndani yake kitabu kizima cha Isaya. Waliposoma gombo lile, wataalamu walikuta kwamba Isaya tunayemsoma leo ndiye yule yule, ijapokuwa kuna tofauti ndogo ndogo za tahajia na za maneno.

Sisi Waprotestanti tuna deni la pekee kwa lugha hizi. Mwaka 1516 Erasmo alichapisha Agano Jipya la Kiyunani. Kanisa la Magharibi lilikuwa limezoea Kilatini, ambamo mwito wa Yesu wa kutubu ulieleweka kama kufanya kitubio, yaani tendo ambalo padri anakupangia. Neno la Kiyunani, "metanoeite", linahusu kugeuza nia. Luther alipoanza hoja zake 95 mwaka 1517, hoja ya kwanza kabisa ilihusu neno hilo: toba ni ya maisha yote. Wakati ule vyeti vya msamaha vilikuwa vinauzishwa kwa maskini. Kwa hiyo si mara ya kwanza maana ya neno moja kugusa mfuko wa mjane.

Kiswahili chetu ni shemeji wa Kiebrania

Jambo lililotushangaza zaidi katika mafunzo hayo hatukulikuta katika kitabu kinene. Tulilikuta katika vinywa vyetu wenyewe.

Kiswahili ni lugha ya Kibantu, lakini kilipokea maneno mengi kutoka Kiarabu, na Kiarabu na Kiebrania ni lugha za ukoo mmoja. Ndiyo maana Mwebrania wa zamani akisema "dam", sisi tunasema damu. Yeye "nefesh", sisi nafsi. Yeye "ruah", sisi roho. Yeye "berakha", sisi baraka; yeye "hokhma", sisi hekima; yeye "mal'akh", sisi malaika; yeye "navi", sisi nabii. Hata katika hesabu: "sheva" ni saba, "tesha" ni tisa, "elef" ni elfu. Waalimu wetu wa shule ya Jumapili walichekelea kama watoto. Mzee mmoja alisema, "Kumbe tumekuwa tukiongea Kiebrania sokoni bila kujua."

Jambo hilo linatusaidia pia kuelewa namna Kiebrania kinavyojenga maneno. Angalieni katibu, kitabu, maktaba. Irabu zinabadilika, lakini ndani mna mifupa mitatu isiyobadilika: k, t, b. Mifupa hiyo inahusu kuandika. Kiebrania kinafanya vivyo hivyo, na kwa kuandika kinatumia mifupa hiyo hiyo. Ukiishika mifupa, unaanza kuona ukoo wa maneno.

Sasa chukueni neno rehema. Mifupa yake ni r, h, m. Katika Kiebrania, "rahamim" ni rehema, na "rehem", la ukoo huo huo, ni tumbo la uzazi. Mnakumbuka wale wanawake wawili waliomgombania mtoto mbele ya Sulemani. Katika 1 Wafalme 3:26, mama wa kweli alipoona upanga, Kiebrania kinasema kwamba "rahamim" zake ziliwaka moto kwa ajili ya mwanawe. Ni tumbo lililomzaa linalolia. Katika Isaya 49:15 Mungu analitumia neno la ukoo huo anapouliza kama mama anaweza kumsahau mtoto aliyetoka tumboni mwake. Tulipoyasema hayo, wamama waliokuwa nyuma walinyamaza kabisa. Baadhi yao waliwaacha watoto njiani, wakati wa kukimbia, bila kupata hata kaburi la kuonyesha. Hawakuhitaji mwalimu wa kuwafafanulia zaidi.

Lakini hapa tuweke breki. Undugu wa maneno si ushahidi wa maana. Shemeji si mtu yule yule. Neno linaweza kutoka katika lugha moja, likavuka bahari, likapanda milima, na kufika kwetu likiwa na kazi nyingine. Tena kuna maneno yanayofanana kwa bahati tu. "Abba" la Kiaramu, ambalo Yesu alilitumia katika maombi ya Gethsemane, linafanana na baba yetu wa Kibantu, na maana ni ile ile, lakini si ndugu. Ni mfanano mtamu, basi. Usijenge fundisho juu yake.

Mfano wa karibu zaidi tunao hapa hapa Kongo. Sisi wengi tukisema "ninauza sombe", tunataka kusema tunanunua. Mwenye mali ndiye anayeuzisha. Lakini Biblia ya Union, iliyotoka mwaka 1952, inafuata Kiswahili cha pwani, ambako kuuza ni kutoa mali na kupokea pesa. Kwa hiyo tukisoma habari za yule mtu aliyekuta hazina shambani katika Mathayo 13:44, mkristo wa kijijini anaweza kusikia kwamba alinunua vitu vyote, kisha akanunua tena shamba! Mtoto mmoja aliwahi kutuuliza kwa nini ndugu za Yusufu walimnunua hali walikuwa wanamchukia. Alisikia vizuri kabisa. Kosa halikuwa lake, wala la Biblia. Kama Kiswahili kimoja kinaweza kututeleza hivyo kati ya Mombasa na Bukavu, tutafanyaje na lugha ya watu walioishi miaka elfu mbili na mia sita iliyopita?

Basi, shalom ni nini?

Turudi kwa mama wa makala. "Shalom" ni ndugu wa salama yetu. Mifupa yake, sh-l-m, inabeba wazo la kitu kizima, kilichotimia, kisichopungukiwa. Lakini hatukutaka kutegemea mifupa peke yake. Tulitafuta mahali neno linapotumika, na tukakuta mambo matatu ambayo hayakuwa katika yale mahubiri.

La kwanza: mara nyingine "shalom" ni habari tu. Katika 2 Samweli 11:7, Daudi anamwuliza Uria juu ya shalom ya Yoabu, shalom ya watu, na shalom ya vita. Ndiyo, shalom ya vita! Hakuna mtu anayeweza kutafsiri pale "amani ya vita" wala "mali ya vita". Daudi anauliza mambo yanakwendaje huko, kama sisi tunavyouliza kila asubuhi mtu anapofika kutoka upande wa mapigano. Kwa hiyo neno lile lile linaweza kuwa zito au jepesi, kufuata mahali lilipo.

La pili: ukoo wa neno hili unahusu pia kulipa. Katika Kutoka 22, sheria za mtu aliyeiba ng'ombe au aliyewasha moto ukateketeza shamba la mwenzake zinarudia kitenzi cha mifupa hiyo hiyo: hana budi alipe, arudishe kitu mahali kilipopunguka. Mama alipolisikia hilo alicheka, na ilikuwa mara ya kwanza tunamwona akicheka. "Basi shalom yangu ni muhubiri arudishe feza!" Sisi tulicheka naye, ingawa si bila aibu.

La tatu, na hapa tuwe wa haki: yule mhubiri hakuwa amekosa kabisa. Katika Zaburi 73:3, Asafu anaona wivu akitazama shalom ya waovu, na ni wazi kwamba anatazama maisha yao ya starehe. Shalom inaweza kugusa chakula, afya, shamba, nyumba. Mungu wa Biblia hachukii mtu ashibe. Kosa la mhubiri lilikuwa kuchukua pembe moja ya neno, kulifanya neno zima, kisha kuling'oa katika barua lilimoandikwa.

Maana Yeremia 29 ni barua. Iliandikwa Yerusalemu na kupelekwa Babeli, kwa watu ambao Nebukadreza aliwahamisha pamoja na mfalme Yekonia, mwaka 597 kabla ya Kristo. Ni barua kwa wakimbizi, yaani kwa watu ambao mashamba yao yalibaki nyuma, na ambao hawajui kama nyumba bado imesimama. Tulipowaomba ndugu zetu waliohama vijiji vyao waisome kwa sauti tangu mstari wa kwanza, walisoma kama watu wanaosoma barua yao wenyewe.

Na ni barua dhidi ya nani? Sura iliyotangulia inatuambia. Nabii Hanania alikuwa amesimama hekaluni na kutangaza kwamba kabla ya miaka miwili kwisha watu wote watarudi. Lilikuwa neno tamu, na kila mtu alitaka kuliamini. Yeremia alijibu kwamba nabii anayetabiri shalom atajulikana neno lake litakapotimia (28:9). Tayari katika 6:14 alikuwa amewalaumu wale wanaotibu jeraha la watu juu juu, wakitaja shalom mara mbili pasipo shalom yo yote. Katika barua yenyewe, mistari ya 8 na 9, Mungu anawaonya wakimbizi wasidanganywe na manabii walio kati yao. Mistari miwili tu baadaye ndipo tunafika ule mstari wa 11 unaoandikwa juu ya mabasi na kalenda. Angalieni jinsi mambo yalivyogeuka: mstari ulioandikwa ili kuwalinda wakimbizi na manabii wa uongo umetumiwa kuchukua pesa ya mkimbizi.

Neno "shalom" lenyewe linaingia kwanza katika mstari wa 7, mara tatu katika sentensi moja. Wahamishwa waitafute shalom ya mji ule waliopelekwa, waombe kwa ajili yake, kwa sababu katika shalom yake wao watapata shalom. Biblia ya Union inaweka amani mara zote tatu. Tafsiri nyingine za karibuni zaidi zimechagua neno ustawi. Tuliziweka Biblia hizo mbili mezani pamoja na ya Kifaransa ya Segond, na tuligundua kwamba kila mfasiri ameshika upande mmoja wa mzigo. Amani inaonyesha kwamba vita vimenyamaza. Ustawi unaonyesha kwamba soko limefunguka na watoto wanasoma. Kiebrania kinazibeba pande zote mbili kwa neno moja.

Lakini hakuna tafsiri hata moja inayoruhusu shalom hiyo iwe ya mtu peke yake. "Ninyi" ya mstari wa 7 ni ya wengi, na ya mstari wa 11 pia. Mungu anaahidi kwa taifa lililotawanyika, tena baada ya miaka 70, kama mstari wa 10 unavyosema wazi. Wengi kati ya wale waliopokea barua ile wangekufa Babeli. Ndiyo maana Yeremia anawaambia wajenge nyumba, wapande bustani, waoze watoto wao. Shalom ya barua hii inaanza na bustani ya mboga katika mji wa watu wengine, na inawahusu hata hao watu wengine, waliokuwa maadui.

Hapo ndipo mafunzo yetu yalipokuwa magumu. Baba mmoja alisimama na kusema: "Muniombee mji wa wale wenye walituchomea nyumba? Hapana." Alikaa. Hatukumjibu kwa Kiebrania. Hatukujua la kumjibu. Tulijua tu kwamba sasa alikuwa amesikia barua yenyewe, na kwamba alikuwa anagombana na Mungu juu ya jambo ambalo Mungu amelisema kweli. Ni afadhali hivyo kuliko kusema amina juu ya jambo ambalo hakulisema.

Baruti na kupiga

Tangu wakati huo vijana wetu wamepakua programu za Biblia katika simu. Ni jambo jema. Nyingi ni za bure, na ukishaziweka zinafanya kazi bila mega. Nyingine zina namba zilizotokana na kitabu cha James Strong cha mwaka 1890: unagusa neno, unaona namba, na namba inakupeleka kwa neno la Kiebrania au la Kiyunani. Shalom ni 7965.

Hatari inaanzia hapo hapo. Chini ya namba kuna orodha ya maana kumi au zaidi, na mhubiri mwenye haraka anachagua ile inayompendeza. Fikirini mgeni anayejifunza Kiswahili kwa kamusi. Anaona kwamba kupiga ni kugonga kwa nguvu. Kisha anasikia kwamba jana mchungaji alipiga simu, alipiga picha, akapiga magoti. Atawaandikia watu wa kwao kwamba wachungaji wa Kongo ni watu wakali sana, hata magoti yao wenyewe wanayachapa! Sisi tunamcheka, lakini tunafanya vivyo hivyo na Kiyunani kila Jumapili.

Mfano mmoja mnaujua. Mara nyingi tumesikia kwamba "dunamis", nguvu ya Mungu inayotajwa katika Warumi 1:16, ndiyo dinamiti, na kwa hiyo Injili inalipua miamba. Katika maeneo ya machimbo mahubiri hayo yanapokelewa kwa shangwe. Lakini dinamiti ilitengenezwa na Alfred Nobel katika miaka ya 1860, naye ndiye aliyeazima neno la Kiyunani. Paulo hakuijua. Akisema nguvu, anazungumza juu ya nguvu inayookoa, na wale ambao mlima umewaangukia shimoni wanajua vizuri kwamba baruti haiokoi.

Mwingine ni wa Yohana 21. Tunafundishwa kwamba Yesu anamwuliza Petro kwa kitenzi "agapao", upendo wa kimungu, na Petro anajibu kwa "phileo", upendo wa kirafiki tu. Vitenzi viwili vipo kweli. Lakini Yohana huyo huyo anasema katika 3:35 kwamba Baba anampenda Mwana kwa kitenzi cha kwanza, na katika 5:20 kwa kitenzi cha pili. Je, upendo wa Baba ulipungua njiani? Wataalamu wengi wanaona kwamba Yohana anabadilisha maneno tu, kama alivyobadilisha pale pale kati ya kulisha na kuchunga, kati ya kondoo na wana-kondoo. Sisi wenyewe tulilihubiri fundisho lile kwa miaka. Tumeliacha, na sehemu hiyo ya Yohana haikupoteza kitu: Petro bado anaulizwa mara tatu kando ya moto, yeye aliyekana mara tatu kando ya moto.

Na mahali pengine Kiswahili chetu hakihitaji msaada wo wote. Katika Luka 22:31-32 Shetani anataka kuwapepeta "ninyi", wanafunzi wote, lakini Yesu amemwombea "wewe", Simoni, ili naye awaimarishe wenzake. Kiyunani kinatofautisha, na Kiswahili pia kinatofautisha, hali lugha nyingine kubwa zinapoteza jambo hilo. Anayesoma polepole kwa Kiswahili ataliona bila kufungua kamusi.

Namna tunavyofanya sasa

Hatukuanzisha shule. Tunakutana watu kumi na wawili au kumi na watano, na tunasoma sura nzima kabla ya kugusa mstari. Tunaisoma katika Union, katika tafsiri nyingine ya Kiswahili, katika Kifaransa kwa wale wanaokijua, na katika Biblia ya lugha ya nyumbani kama mtu anayo. Mahali tafsiri zinapoachana, tunatia alama. Mara nyingi ni pale pale ambapo lugha ya asili ina jambo la kusema, kwa hiyo tunajua wapi pa kuchimba. Kisha mmoja anatazama namba katika simu, mwingine anatafuta mahali pengine neno hilo linapotumika na mwandishi huyo huyo. Maana tuliyoipata tunairudisha ndani ya sura. Isipoingia, tunaiacha, hata kama ni tamu.

Swali likitushinda, tunalipeleka kwa wachungaji waliosoma lugha hizo katika vyuo vyetu, Goma, Bukavu au Bunia. Huko Bunia chuo chenyewe kinaitwa Shalom! Tuwaombe ndugu hao kitu kimoja: msizitunze lugha hizo kama suti ya harusi. Mkija vijijini, kaeni nasi siku mbili, mtufundishe herufi. Mzee wetu mmoja wa kanisa, mwenye umri wa miaka 71, tayari anaandika jina lake kwa Kiebrania, kutoka kuume kwenda kushoto, na anawaonyesha wajukuu.

Tumeweka pia kanuni ndogo kwa wahubiri wanaotutembelea. Mtu akisema mimbarani kwamba Kiyunani au Kiebrania kinasema jambo fulani, baada ya ibada tunamkaribisha chai na kumwomba kwa heshima atuonyeshe mistari mingine miwili ambapo neno hilo lina maana hiyo. Wengine wamefurahi sana, wakakaa hadi jioni. Mmoja alikumbuka kwamba alikuwa na safari.

Pesa ya mama haikurudi. Mashemasi walimsaidia anunue gunia la makala ili aanze tena, na hilo lilikuwa jukumu letu, si la Yeremia. Yeye haachi Alhamisi hata moja. Juma lililopita tulianza kitabu cha Ruthu, habari za wajane wawili na mmoja wao ni mgeni. Ndani yake kuna neno "hesed", linaloonekana mara tatu: katika 1:8, 2:20 na 3:10. Tafsiri zetu hazikulifasiri kwa namna moja. Mama ndiye aliyepewa kazi ya kuandika katika daftari, kwa kila mahali, ni nani anayemfanyia nani hesed, na inamgharimu nini. Tunawaalika mfanye zoezi hilo hilo katika vikundi vyenu, kisha mtuandikie mliyoyakuta.